Kusoma Neno kila siku: mwongozo kwa Mkatoliki anayeanza

Nyumba yangu hapa Malindi imepakana ukuta kwa ukuta na ya jirani Mwislamu. Ramadhani ikiingia namsikia akisoma Kurani, juzuu moja kila siku, mpaka akahitimu mwezi unapokaribia kuandama. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye cherehani usiku nikimalizia sare za watoto wa shule, sauti yake ikanifikia juu ya ukuta, na nikajiuliza: Biblia yangu mimi niliifungua lini? Ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipoitoa, kurasa za Mwanzo zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, na katikati ya Zaburi mlikuwa na picha ya Komunyo ya kwanza ya binti yangu, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili.

Nilianza usiku ule. Yafuatayo ni yale yaliyonifaa mimi na wenzangu wa jumuiya, kwa utaratibu ambao ningependa mtu angenipa wakati ule.

Kwanza niondoe hofu moja. Wakatoliki wengi hudhani Biblia ni kitabu cha padre, katekista na majirani zetu wa makanisa mengine. Lakini midomo yetu imejaa Maandiko bila sisi kujua. Salamu Maria imeanza na maneno ya malaika na ya Elizabeti, Luka 1:28 na 42. Ule wimbo wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" Isaya aliusikia hekaluni, sura ya 6. Tunaposema kabla ya Komunyo kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu, tunasema maneno ya yule akida wa Kirumi, Mathayo 8:8. Kwa hiyo ukifungua Biblia hujaenda ugenini. Unakwenda kupaona yalikozaliwa maneno ambayo umeyasema tangu utoto.

Na Kanisa halijasema jambo hili kwa kunong'ona. Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini na kufariki mwaka 420, alisema kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilirudia neno hilo kwa waamini wote katika hati yake juu ya ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, ya tarehe 18 Novemba 1965. Kwetu lina uzito wa pekee. Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000, limeshika upande huu wa Kilifi, Tana River na Lamu, nchi ndefu yenye vigango vya mbali. Zipo Dominika ambazo padre hafiki, na katekista anaongoza Ibada ya Neno. Siku hiyo, kama hujazoea Neno, utatoka na njaa.

Hatua ya kwanza: ihesabu Biblia yako

Kabla ya kusoma, fungua ukurasa wa yaliyomo. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Tafuta Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo viwili. Ukivikosa vyote saba, umeshika Biblia ya vitabu 66, na ndiyo iliyo nyingi madukani.

Usiitupe. Agano Jipya ni lilelile, Zaburi ni zilezile, na unaweza kuanza nayo leo hii. Ila utakapopata nafasi, nunua iliyo kamili, kwa sababu masomo ya Misa huvigusa vitabu hivyo, na itakuwa huzuni kusikia somo la Hekima kwenye mazishi ya mzazi wako halafu usilipate nyumbani.

Kama una simu, tafuta programu ya Biblia ya Kiswahili inayofanya kazi bila bando. Mimi napendelea kitabu. Simu ina ujumbe wa watu wengine ndani yake, na ukiishika alfajiri, wateja nao wanaingia.

Hatua ya pili: jifunze kusoma namba

Watu huona haya kuuliza jambo hili, nami nililikalia miaka. Ukiona Lk 5:1-11, maana yake ni Injili ya Luka, sura ya 5, kuanzia aya ya 1 hadi ya 11. Mkato, kama Zab 27:1, 4, maana yake ruka: soma ya 1, kisha ya 4. Herufi "a" au "b" baada ya namba ni nusu ya kwanza au ya pili ya aya.

Na kuna mtego mmoja. Dominika ya 3 ya kipindi cha kawaida cha Mwaka A (miaka hii nitaieleza hatua ya tatu) somo la kwanza linaandikwa Isa 8:23–9:3. Ukitumia Biblia zetu za zamani utatafuta aya ya 23 usiione, maana Isaya 8 inaishia aya ya 22. Hakuna ukurasa uliong'oka. Biblia nyingine huihesabu aya hiyo kuwa ya kwanza ya sura ya 9, basi soma 9:1-4 na utakuwa umesoma lilelile. Nakusihi usiliache somo hilo, kwa sababu linataja njia ya bahari na watu waliokaa gizani wakaona nuru kuu, na Injili ya siku hiyo ni Yesu akiwaita wavuvi. Sisi tunaoishi pwani tunalisikia kama jambo la nyumbani. Isitoshe, tangu mwaka 2019 Papa Fransisko alipoiweka, Dominika ya 3 ya kipindi cha kawaida ndiyo Dominika ya Neno la Mungu.

Hatua ya tatu: anza na Injili ya Dominika, usianze na Mwanzo

Hapa ndipo wengi huzama. Mtu anaamua Januari kuimaliza Biblia yote. Mwanzo inamnogea, Kutoka inakwenda vizuri mpaka vipimo vya hema, na akifika Mambo ya Walawi anaifunga. Kisha anajiona yeye si mtu wa Biblia. Kumbe alianzia tu mahali pagumu, tena peke yake.

Kanisa limekwisha kukugawia chakula. Dominika zinakwenda kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka. Yohana anasomwa zaidi Kwaresima na Pasaka, na sura yake ya 6, ile ya mkate wa uzima, husomwa Dominika kadhaa za Mwaka B. Kujua uko mwaka gani, gawanya mwaka kwa 3. Ikigawanyika kamili ni C, ikibaki 1 ni A, ikibaki 2 ni B. Mwaka 2025 ulikuwa C, 2026 ni A. Lakini kumbuka kwamba mwaka wa Kanisa haungoji Januari. Unageuka Dominika ya kwanza ya Majilio, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba.

Nasisitiza kwa sababu nilikosea. Nilipangiwa kusoma somo la kwanza kigangoni Dominika ya kwanza ya Majilio. Nilijiandaa wiki nzima, nikasimama mimbarini na kusoma vizuri, lakini lilikuwa somo la mwaka uliokwisha. Padre akahubiri juu ya somo ambalo waumini hawakulisikia. Niliona nyuso zao zikitafuta, na iliniuma, kwa sababu baadhi yao walikuwa wametembea mbali jua likiwaka ili walisikie Neno. Tangu siku hiyo nauandika mwaka kwa chaki ukutani, juu ya cherehani.

Basi kazi ya wiki yako ya kwanza ni hii tu: Jumatatu, tafuta Injili ya Dominika inayokuja kwenye kalenda ya Kanisa au Misale ya Waumini (kitabu cha sala na masomo ya Misa), au muulize katekista. Isome hiyohiyo kila siku mpaka Jumamosi. Usiongeze. Utaona Dominika padre akisema "Somo katika Injili Takatifu", unapojichora ishara ya msalaba kwenye paji la uso, midomo na kifua, kwamba unamngojea mtu unayemjua. Ukizoea kwa miezi michache, ongeza somo la kwanza na Zaburi. Masomo ya siku za wiki yaje baadaye.

Hatua ya nne: saa na kiti

Chagua saa ambayo tayari ipo. Mimi ni baada ya adhana ya alfajiri, kabla ya maji ya chai kuchemka. Mama mmoja wa jumuiya yetu anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi hawezi saa hiyo, mikono imo kwenye unga. Yeye husoma saa nane mchana, biashara imelala. Dakika kumi zatosha. Kanisa limeweka hata rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu ya muda ya dhambi, kwa masharti yake ya kawaida, kwa anayesoma Maandiko kwa ibada walau nusu saa, lakini usianze na nusu saa kisha ukaacha siku ya tatu.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea India, na kile kikanisa cha makuti karibu na bahari kinamkumbuka. Katika barua yake alieleza kwamba Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji alimwuliza kama Wakristo bado wanasali kwa bidii, kwa sababu kwa watu wake yeye ibada ilikuwa imepoa. Kila nikipita pale naiona picha ya watu wawili wa dini mbili, wanasikitikia jambo moja. Swali lile mimi nimeliweka kwenye kiti changu cha alfajiri.

Hatua ya tano: soma hivi

Njia hii ni ya kale. Guigo, mmonaki Mkartusi wa karne ya 12, aliipanga katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa kimya mbele ya Mungu. Aliifananisha na kula, na mimi nikiisoma nauona muwa wetu wa barabarani: unatia kinywani, unatafuna, utamu unatoka, kisha unatulia nao. Tuchukue Luka 5:1-11, Injili ya Dominika ya 5 ya kipindi cha kawaida, Mwaka C.

Jichore ishara ya msalaba, mwombe Roho Mtakatifu kwa maneno machache. Yale ya mtoto Samweli yanatosha: Nena, Bwana, mtumishi wako anasikia.

Soma kwa sauti, polepole, sikio lisikie. Yesu amekaa chomboni anafundisha. Wavuvi wameshuka, wanaosha nyavu. Akamaliza, akamwambia Simoni: "Tweka mpaka kilindini." Simama hapo. Waliotutafsiria walichagua neno la baharia. Tunatweka tanga, na kilindini ni kule maji yalikokolea, kule ambako mtu hashuki kwa miguu. Simoni anajibu kwamba wamefanya kazi ya kuchosha usiku kucha wasipate kitu, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu".

Soma mara ya pili, na safari hii ngojea neno moja likushike. Usilichague kwa akili. Kuna neno litakalokukwama kama uzi kwenye msumari. Siku moja kwangu lilikuwa "usiku kucha". Nilikuwa nimeshona usiku kucha mzigo wa mteja ambaye hakuja kuuchukua, na nilisoma aya ile nikiwa na hasira. Nikakaa nayo. Nikaona kwamba Simoni hakuficha uchovu wake mbele ya Yesu. Aliutaja kwanza, kisha akasema "lakini".

Ndipo sala. Mwambie Mungu ulichokiona, kwa Kiswahili chako au kwa Kigiriama chako, bila kupamba. Kama ni hasira, mpe hasira.

Kisha nyamaza. Dakika mbili. Kunguru watalia, tuktuk zitapita. Kaa tu, Mungu akutazame nawe umtazame.

Hatua ya sita: lichukue neno kazini

Neno lililokushika alfajiri liandike. Mimi huliandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha kitambaa cheusi na kukifunga kwenye mkono wa cherehani. Dereva mmoja wa tuktuk hubandika karatasi karibu na usukani. Unapozungusha gurudumu, unapongoja abiria, unalitazama na kulirudia kimoyomoyo. Jioni, kabla ya kulala, jiulize: neno hili leo lilinikuta wapi? Pengine lilikukuta ukipandisha bei ya pindo kwa mtu usiyempenda. Mkabidhi Bwana hilo nalo.

Hatua ya saba: watoto wasikie

Kumbukumbu la Torati 6 inaagiza maneno ya Mungu yanenwe ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Usiwafanyie watoto mahubiri. Jumamosi usiku, baada ya chakula, mmoja asome Injili ya kesho, mwingine aseme alichokisikia. Mtoto akikosea kusoma jina gumu, mwache amalize, ndipo umsahihishe. Dakika tano, Baba Yetu, walale.

Hatua ya nane: peleka kwenye jumuiya

Neno halikuandikwa lisomwe na mmoja mmoja tu. Katika jumuiya ndogo ndogo tunatumia zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mmoja anataja neno lililomgusa na kulirudia mara tatu, tunanyamaza, tunashirikishana, tunapanga tendo la wiki, tunafunga kwa sala. Hatua ambayo watu huiruka ni ile ya tendo. Msiiruke. Amueni nani anakwenda kumwona mgonjwa, na lini.

Na usidhani asiyejua kusoma amefungiwa nje. Katika jumuiya yetu yuko bibi mmoja, wote twamwita Hawe. Hakuwahi kwenda shule. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi. Ijumaa moja tulisoma hiyo Luka 5, na kila mtu alikuwa akitaja maneno makubwa: kilindini, muujiza, samaki wengi. Zamu yake ilipofika alisema, "Walikuwa wanaosha nyavu." Akarudia mara tatu kama desturi.

Nikamwuliza, "Hawe, hapo umeona nini?"

"Mwanangu, nyavu zikioshwa kazi imekwisha. Unaondoa mwani, unaondoa miba, unaanika. Mgongo unauma. Ukizishusha tena, utaosha tena. Huyo Simoni alikubali kuosha mara mbili."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Injili ile, na sikuwa nimeziona nyavu zile safi, zimekunjwa, zinarudi majini.

Ukikwama

Utakutana na vita, laana, na maneno ya Paulo yanayokuchanganya. Kumbuka yule Mwethiopia garini, Matendo 8. Filipo alimwuliza kama anaelewa anachokisoma, akajibu atawezaje asipoongozwa na mtu. Wala hakuona aibu, na alikuwa mtu mkubwa wa serikali. Soma maelezo ya chini ya ukurasa, andika swali kwenye daftari, mpelekee katekista au paroko. Usijifungie na aya moja ukaitengenezea mafundisho yako.

Jambo moja naliomba kwa moyo wote: usifungue Biblia kwa kubahatisha, macho yamefumbwa, kidole kikatue popote, ili ujue kama usafiri au usisafiri, kama uolewe au usiolewe. Hiyo ni kupiga ramli kwa kitabu kitakatifu. Nimemwona mtu akiacha matibabu kwa sababu ya aya aliyoiangukia namna hiyo, na aliteseka bure.

Ukikosa siku

Utakosa. Mgeni atakuja, mtoto ataugua, utasafiri kwenda kuzika. Usijaribu kulipa deni kwa kusoma siku tano mara moja. Fungua Injili ya leo, endelea.

Na kitabu chenyewe kitunze kwa kukitumia. Hewa yetu ya chumvi na mvua za masika huozesha karatasi iliyofungiwa. Usikiweke ndani ya plastiki. Kizungushie leso kuukuu, kiweke mezani mbali na ukuta wenye unyevu, na mara moja kwa mwezi kipeleke uani penye upepo, ukifunue kurasa kidogo kidogo, usikianike juani. Wino unafifia. Yangu sasa imelegea pale kwenye Luka, ukiiweka mezani inafunguka yenyewe sura ya 5. Nimeishona mgongo kwa uzi ule wa kushonea mifuko ya suruali, na imeshika.

Hawe ananidai. Ijumaa iliyopita hakuja, miguu imevimba. Amemtuma mjukuu wake dukani kwangu na ujumbe mfupi: nikifunga leo jioni nipite, nije na Biblia, nimsomee tena pale wanapoosha nyavu.